Mwaka Tuliofundishwa Kunusa

Siku ya hitima ya Mwalimu Hatibu nilifika Zinga asubuhi, nikapitishwa moja kwa moja uani kwa wanawake, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Siwema. Alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, amenipa mgongo. Hatukuwa tumeonana tangu harusi ya binti yake, na binti huyo sasa ana watoto wa shule. Nilitaka kumshtua kama tulivyozoea tulipokuwa wasichana, lakini kabla sijamfikia akasema, bila kugeuka, "Karibu, Mwanaidi." Nikasimama palepale. "Umejuaje ni mimi?" "Ndala zako, shoga. Mguu wa kushoto unauburuta vilevile, utadhani unafagia." Tukakumbatiana, viganja vyake vikiwa vyeupe kwa machicha, tukalia kidogo, tukacheka kidogo, kisha akanisukumia sinia la vitunguu na kisu, kwa sababu msibani mkono haukai bure. Wasichana waliokuwa wakichagua mchele karibu nasi walitaka kujua sisi ni nani kwa marehemu. Siwema akawaambia tulikuwa wanafunzi wake. "Alikuwa akiwafundisha nini, bibi?" Nilitarajia aseme Kiswahili, au fasihi, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye ratiba. Akafikiri, akajifuta vidole kwenye kanga, akasema, "Alitufundisha kunusa." Wasichana wakacheka, wakadhani ni mzaha wa kikongwe. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nimerudi Bagamoyo, kwenye chumba cha Bi Riziki, mwaka tuliokuwa kidato cha nne.

Nilikotoka na sababu za kuletwa kumalizia shule Bagamoyo ni habari ndefu isiyo na ladha, naiacha. Naanzia chumbani. Bweni la wasichana lilikuwa halijaisha kujengwa, kwa hiyo tuliotoka mbali tulitafutiwa nyumba za watu mjini, na mimi na Siwema, ambaye kwao ni Saadani, tukaangukia kwa Bi Riziki, mjane mwenye nyumba ya mawe na chokaa katika mitaa ya zamani. Chumba chetu kilikuwa ghala ya mbata enzi za baba mkwe wake. Mbata zilikuwa zimeondoka kabla hatujazaliwa, lakini harufu yake ilikataa kuhama: utamu mzito wa nazi iliyokaribia kuoza, uliokaa kwenye boriti na kutushukia kila mvua inaponyesha. Masika ukuta ulitoka jasho. Ukiupitishia kidole kisha ukakilamba, unapata chumvi. Kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholalia sote wawili, na kila mmoja wetu akijigeuza, kamba zililia na kumwamsha mwenzake. Dirisha lilitazama uani, ambako Bi Riziki alichoma vitumbua vya kuuza kabla watu hawajaenda kazini. Kila asubuhi tuliamshwa na chwaa ya unga wa mchele ukigusa mafuta ya moto, halafu iliki inaingia dirishani, halafu sauti ya Bi Riziki akizungumza na wateja wake. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa gazeti letu. Tulijua nani amerudi Pangani na mke wa pili na nani anasingizia ugonjwa ili asihudhurie harusi, na tuliyajua yote tukiwa tumejifunika shuka gubigubi, tukijizuia kucheka. Vitumbua vilivyoungua upande mmoja vilikuwa vyetu. Mpaka leo, nikipewa kitumbua kilichoiva sawasawa pande zote naona kama kimepungukiwa kitu.

Mwalimu Hatibu alikuwa mtu mwembamba, mkimya, mwenye mashati meupe yaliyopigwa pasi mpaka yanakwaruza. Walimu wenzake walikuja shuleni kwa baiskeli. Yeye alikuja kwa miguu, hata akitoka mbali, na wavulana walisema ni ubahili. Wiki za mwanzo hakunivutia. Mimi nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza kwenye insha. Nilikuwa na hazina ya maneno niliyoyakusanya tangu shule ya msingi, jua linachomoza kama sinia la dhahabu, ndege wanaimba nyimbo tamu, machozi yanatiririka kama mto uliovunja kingo, na kila mwalimu niliyempa maneno hayo alinirudishia sifa. Mwalimu Hatibu alinirudishia insha yangu ya kwanza ikiwa na maswali pembeni kwa wino mwekundu. *Ndege gani? Wimbo upi? Uliwasikia wewe?* Na chini kabisa, mahali ambapo nilitarajia "Vizuri sana", aliandika: *Mtoto huyu ana macho, masikio na pua. Ameviacha nyumbani.* Nilikwenda nyuma ya vyoo nikalia, na nakumbuka vizuri kwamba machozi yale hayakufanana na mto wowote. Yalikuwa machache, yakawasha.

Somo lenyewe alilianza siku moja ya joto, mapaa ya bati yakialika ta! ta! juu yetu. Vitabu vya fasihi vinasema taswira ni picha zinazojengwa na maneno, kisha vinazipanga za kuona, za kusikia, za kunusa, za kuonja na za kugusa, na wanafunzi wanazikariri wakajibie mtihani. Yeye hakutupa maelezo hayo mpaka mwisho wa muhula. Aliandika ubaoni sentensi moja: *Nyumba yao ilikuwa maskini lakini yenye upendo.* Akaweka chaki chini. "Umaskini unanukaje?" akauliza. Tukatazamana. "Mwalimu, umaskini haunuki," akasema mvulana mmoja aliyeitwa Idi, aliyekuwa na jibu kwa kila kitu. "Umeingia nyumba ngapi za watu, Idi?" Mtu wa nyuma akasema taratibu, "Mafuta ya taa." Mwingine akasema, "Shuka lenye mkojo wa watoto." Mwingine, "Dagaa wa jana." Darasa likaanza kuchangamka, watu wakakumbuka nyumba zao na kuziona kwa mara ya kwanza. Mwalimu akaacha kelele ziishe, akauliza, "Na upendo? Upendo una sauti gani?" Idi akatoa mlio wa busu, tukaangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu. Kisha Siwema, ambaye alikuwa haongei darasani, akainua mkono.

"Sauti ya kukwangua sufuria," alisema.

"Eleza, mwanangu."

"Chakula kikiwa kidogo, mama alikuwa anatupakulia sisi, halafu anabaki jikoni anakwangua sufuria kwa kijiko, kwa nguvu, ili tujue na yeye anakula. Nilikuja kugundua siku moja nilipoingia kuomba chumvi. Sufuria ilikuwa tupu, ameshaiosha."

Hakuna aliyecheka. Bati liliendelea kualika. Mwalimu Hatibu alifuta ile sentensi ya ubaoni kwa kiganja, pole pole, hakuandika kitu kingine, akatuambia twende nyumbani tukasikilize.

Tangu siku hiyo mimi na Siwema tukawa na mchezo. Mchana baada ya shule, joto linapokuwa limewalaza watu, tulitandika mkeka kwenye sakafu ya saruji, tukafumba macho, tukapokezana. Mmoja anataja anachosikia, mwenzake anataja anachonusa, na ilikuwa mwiko kusema "nzuri" au "mbaya". "Kuku anaparua pembeni mwa mtungi." "Maji ya mchele yaliyomwagwa juani." "Mtu anafunga kitasa, kitasa kina kutu." "Karafuu; Bi Riziki ana jino linamsumbua." Mwanzoni nilishindwa kila mara. Pua yangu ilijua harufu na uvundo, basi. Siwema aliweza kukwambia samaki ni changu au kibua kwa moshi wake tu ukitoka nyumba ya tatu. Nilimwonea wivu, ule wivu wa kumpenda mtu na kutaka kuwa yeye. Siku moja Bi Riziki alichungulia dirishani akatukuta tumelala chali, macho tumefumba, pua juu. "Nyie wana, mnanusa nini humo ndani? Kuna panya kafa?" Siwema akamjibu, "Hapana, Bi, tunasoma." Bi Riziki akaondoka akisema na nafsi yake, kwa sauti ya kutosha sisi kusikia, kwamba serikali imeishiwa vitabu sasa inawanusisha watoto.

Kazi iliyoleta msiba tulipewa katikati ya mwaka. "Andikeni kuhusu chumba kimoja mnachokijua. Msitaje hisia hata moja. Huzuni, furaha, hofu, sitaki kuziona. Nataka chumba." Mimi niliandika kuhusu ghala yetu ya mbata, na kwa mara ya kwanza nilipata "Umeanza". Siwema aliandika kuhusu chumba alichomuuguzia mama yake kule Saadani, mpaka mama akafa. Aliandika jioni zote za wiki, akifuta na kurudia, karatasi ameifunika kwa mkono hata mimi nisione. Alipokwenda kuitoa nilikuwa naye mlangoni pa ofisi ya walimu, nikamsikia akisema, "Mwalimu, hii ni ya kwako peke yako." Mwalimu alikuwa anasahihisha. Akasema, "Sawa, mwanangu, iweke hapo," bila kuinua macho.

Siku chache baadaye alikuja mkaguzi kutoka mkoani, mzee mwenye tai fupi, akaketi nyuma ya darasa. Mwalimu Hatibu alikuwa na furaha ambayo hatujawahi kuiona kwake. Alisema atatusomea kazi ya mwanafunzi mmoja wa darasa lile, kazi ambayo amefundisha miaka mingi akiingoja. Hakutaja jina. Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua, akasoma. Nilipomwomba Siwema ruhusa ya kuandika sura hii aliniruhusu kusimulia mwaka ule mzima isipokuwa yaliyomo kwenye karatasi ile, kwa hiyo siyaweki hapa. Naweza kusema tu kilichotupata sisi. Kuliingia chumba ndani ya chumba chetu. Tuliona mkeka, tukasikia pumzi, na harufu zilitufikia ambazo mtu anayempenda mgonjwa huzificha wageni wasizijue. Mkaguzi alivua miwani. Msichana aliyekaa mbele yangu aliziba pua kwa mtandio bila kujijua, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa balaa. Siwema alikuwa ameulaza uso juu ya dawati. Kila mtu akageuka, akajua ni nani.

Mwalimu alipomaliza alipiga makofi, na sisi tukapiga. Sidhani kama alimwona. Alikuwa anatazama karatasi.

Wavulana hawakuwa wabaya. Nasema hivyo sasa, nikiwa nimeshalea wavulana wangu. Walikuwa wameogopa, na walikuwa hawajui pa kuuweka woga. Kesho yake Siwema alipopita kwenye ujia mmoja wao alivuta hewa kwa pua, kwa sauti, hivi tu, *fnn fnn*. Wenzake wakacheka. Siku iliyofuata walikuwa wanafanya hivyo wote, na Idi ndiye kiongozi. Hawakusema neno hata moja. Hapakuwa na cha kwenda kumshtakia mwalimu. Siwema aliacha kula. Vitumbua vyake vilibaki kwenye sahani vikiota ngozi ya mafuta baridi. Mkeka wetu wa mchana aliukunja akausimamisha pembeni, na nilipomwambia tucheze alisema pua yake ina mafua. Ijumaa nilirudi kutoka shule nikakuta upande wake wa ukuta ni mtupu: gauni, kioo, mfuko wake wa kikapu, vyote havipo. Bi Riziki alikuwa kwenye kizingiti, mikono ameishika magotini. "Kapanda lori la chumvi mchana," alisema. "Nimemzuia, kanishinda. Kasema nikwambie usimfuate."

Nikaenda kwa Mwalimu Hatibu, nyumbani kwake, jambo ambalo wasichana hawakuwa wakilifanya. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Siwema ameondoka. Amerudi kwao. Ni kwa sababu ya karatasi."

"Karatasi? Lakini niliisifu." Alishangaa kweli, na mshangao wake uliniuma kuliko hasira. "Mkaguzi amesema hajapata kusikia kitu kama kile."

"Alikwambia ni ya kwako peke yako, Mwalimu. Nilikuwepo mlangoni."

Niliona akiutafuta ule wakati, ofisi, rundo la madaftari, sauti ya msichana. Akaupata. Uso wake ulishuka wote. Hakusema kwamba alisahau, hakusema kwamba hakukusudia. Alisema, "Lori hilo linarudi lini?"

Lori lilirudi, na Jumamosi ya wiki iliyofuata tukalipanda. Tulikuwa watatu, maana Bi Riziki aliposikia kwamba mwalimu mwanamume anataka kusafiri na msichana alifunga jiko lake la vitumbua, akajitanda, akasema, "Mtanipisha nikae mbele na dereva, mgongo wangu hauwezi." Hapo zamani kwenda Saadani kwa gari ilikuwa kuuzunguka mto Wami, kwenda juu mpaka Msata na Miono halafu kushuka tena pwani, safari ya kutwa nzima kwa umbali ambao ndege angeumaliza kabla ya chai. Mwalimu alikaa nyuma pamoja nami juu ya magunia matupu yenye ukoko wa chumvi. Midomo ilitupasuka kwa chumvi na vumbi. Mara moja tu aliniuliza, "Walikuwa wakimfanyaje?" Nikamwonyesha, nikavuta hewa puani. Akageuza uso akatazama nyasi.

Tulimkuta Siwema ufukweni kwenye vichanja, anageuza samaki, mikono imejaa magamba mpaka viwikoni. Alituona tukija, akaendelea kugeuza. Baba yake, Mzee Mbwana, alitupokea kwa adabu kubwa kiasi kwamba nilitamani angetufokea. Alituketisha kwenye mkeka chini ya paa la makuti, akatupa maji, ukaletwa wali na kamba wa nazi, na ilitubidi tule, kwa sababu mgeni hawezi kuanza shauri lake na mkono mkavu. Ninakumbuka kila punje ya wali ule. Kamba walikuwa wametoka majini siku ileile, watamu, tui zito limekolea ndimu. Baada ya kunawa Mwalimu Hatibu akaomba Siwema aitwe. Alikuja, akakaa mbali, magoti ameyakumbatia.

"Siwema, mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Uliniamini, nikakutoa mbele za watu. Nimekosa."

"Nimekusamehe, Mwalimu," alisema upesi, kama mtu anayejibu salamu.

"Kashakusamehe," alisema Mzee Mbwana. "Yaishe."

"Lakini shule sirudi."

Bi Riziki akataka kusema, Mwalimu akamwinulia mkono kidogo. "Kwa nini, mwanangu?"

Siwema alikuwa anabandua gamba la samaki kwenye mkono. "Kwa sababu wote wamemwona mama yangu. Wamemwona vile alivyokuwa, na yeye hata jirani hakutaka amwone. Nami siwajui. Sijui mtu hata mmoja pale kwao kuna nini. Wewe pia sikujui." Akainua macho. "Umechukua cha kwangu, Mwalimu. Na wewe nipe cha kwako."

Mzee Mbwana akamkemea kwa jina. Haikuwa namna ya kusema na mtu mzima, sembuse mwalimu. Lakini Mwalimu Hatibu alikuwa ameshavua kofia, ameishika mapajani.

"Zamani nikifundisha Ubena," alianza, "nilipatwa na huzuni kubwa isiyoelezeka. Moyo wangu ulivunjika..."

"Hapana," alisema Siwema. "Hayo ulitukataza."

Nilidhani atakasirika. Aliiangalia kofia yake, akaizungusha, akaanza upya, na sauti iliyotoka haikuwa ya darasani. Alisema alikuwa na mtoto wa kiume, Hamisi, aliyekuwa amejifunza kutembea karibuni. Homa ilimpata usiku, na kulipopambazuka mama yake akamfunga mgongoni kwa Mwalimu kwa kanga, fundo kifuani, na Mwalimu akapanda baiskeli kuelekea barabara kuu kutafuta gari la kumpeleka hospitali. "Joto lake lilipita kwenye shati langu. Mgongo mzima ulikuwa moto, kama mtu aliyeegemea ukuta uliopigwa jua kutwa. Kidevu chake kilikuwa kinanigonga hapa, begani, kila tukipita shimo. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa mkavu, unalia. Nilikuwa namwimbia, nikakosa pumzi, nikaacha, nikabaki na mnyororo tu." Akashika bega lake. "Halafu mgongo ukaanza kupoa. Nikasema ni upepo, maana tulikuwa tunateremka. Tukaanza kupanda, upepo ukaisha, na mgongo ukaendelea kupoa. Shati lilikuwa na jasho, likawa baridi, likanigandia. Kidevu kikaacha kugonga, kikalala tu. Nami sikusimama. Nilijua nikisimama nitajua. Nikaendesha. Nilipita magari, watu walinipungia, nikaendesha, mpaka mzee mmoja akasimama katikati ya njia akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili."

Bi Riziki alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mzee Mbwana akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ndogo, kana kwamba mtoto amefariki sasa hivi. Mimi, niliyekuwa nimeishi na maneno mazuri tangu utotoni, nilihisi baridi mgongoni mwangu mwenyewe katika jua la Saadani, na ndipo nilipoelewa mwalimu alikuwa akitutaka nini mwaka mzima, na kwa nini hakupaswa kukitaka kwa mtu bila kumuuliza. Siwema alisimama. Nilidhani anaondoka. Alikwenda mtungini, akateka maji kwa kata, akamletea, akapiga magoti mbele yake kumpa.

"Hamisi alikuwa anapenda nini?" alimuuliza.

"Ndizi mbivu," alisema Mwalimu. "Alikuwa anazikamua vidoleni."

Hakurudi nasi. Tulipanda lori kesho yake bila yeye, na Bi Riziki alinung'unika njia nzima kwamba tumekwenda kula kamba wa watu na kurudi mikono mitupu. Jumatatu Mwalimu Hatibu aliingia darasani, akafunga mlango, akatusimulia sisi sote habari ya Hamisi, mwanzo hadi mwisho, amesimama, bila kuruka kitu. Alipofika kwenye mnyororo sauti ilimkatika, akangoja, akaendelea. Kisha akasema kwamba alisoma kazi ya mtu bila ruhusa, na kwamba mtu huyo hayupo kwa sababu hiyo, na kwamba yeyote anayetaka kuvuta hewa puani sasa anaweza kumvutia yeye. Hakuna aliyetikisika. Idi alikuwa anatazama miguu yake. Siwema alitokea siku kumi hivi baadaye, amefika na lori lilelile, mfuko wa kikapu begani, na Idi alisimama akamwachia nafasi yake ya dirishani ambako upepo ulikuwa unaingia. Jioni hiyo mkeka ulitandikwa tena, na Bi Riziki alituletea vitumbua vilivyoungua pande zote mbili, kwa furaha alikuwa amevisahau jikoni.

Tulifaulu mtihani, mimi kwa shida ya hesabu, yeye vizuri. Nilikwenda kuandika na kuhariri vitabu vya watoto, kazi niliyoifanya mpaka nilipostaafu, na nimewaudhi waandishi wengi kwa kuwauliza ndege gani, wimbo upi. Siwema hakuandika tena. Alikuwa muuguzi, Tanga kwanza, kisha Bagamoyo, na mwisho zahanati ya huku Zinga, ambako Mwalimu alikuwa amehamia na mkewe baada ya kustaafu. Zamani nilihuzunika kwamba kipaji kile kimepotea. Sihuzuniki siku hizi. Nimewaona wagonjwa wakimwita.

Hitima ilipokwisha na wanaume walipokuwa wakitawanyika, tulikaa sisi wawili nyuma ya nyumba tukisugua masufuria. Nikamwuliza siku za mwisho za Mwalimu zilikuwaje, maana mkewe alikuwa ametangulia na Siwema ndiye aliyekuwa akimpelekea uji asubuhi.

"Alisahau kila kitu," alisema. "Alisahau mkewe amekufa, akawa anamwita. Alisahau nyumba yake ni ipi. Ila lile halikumtoka. Kila nikiingia ananishika mkono, 'Siwema mwanangu, nimekuja kukuomba radhi.' Anadhani ndiyo tumefika Saadani. Namwambia, 'Nimekusamehe, Mwalimu.' Analia, anakunywa uji. Kesho yake tunaanza upya."

"Hukuchoka?"

"Nilichoka. Siku moja nikasema leo simjibu. Nikakaa kitandani pake nikamsomea ile karatasi yote. Kwa kichwa, maana halijanipotea neno." Akamwaga maji ya majivu kwenye mchanga. "Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniuliza, 'Nani kaandika hii?' Nikamwambia, mwanafunzi wako mmoja. Halafu akanikazia macho, yale ya darasani, unayakumbuka. Akasema, 'Ni kazi kubwa hii. Lakini usimsomee mtu mwingine mpaka umwombe ruhusa mwenyewe.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, ndiyo, Mwalimu, nitamwomba."